Kulima bustani ukiwa na majonzi: mwongozo kamili kwa nyumba za Mtwara na Lindi

Mume wangu alifariki mwanzoni mwa Juni, upepo wa kusi ukivuma. Nilikaa eda, ule muda wa mjane kutulia nyumbani, hapa hapa Mikindani, miezi minne na siku kumi, ndani ya ua wenye hatua kumi na nne kwa tisa. Watu walikuja kuhani, matanga yakaisha, wakarudi makwao kama inavyopasa. Nikabaki na shangazi yangu, aliyeteremka kutoka Tandahimba kuja kukaa nami. Wiki ya tatu alisimama mlangoni akitazama pale tunapotawadhia, akasema: "Mwanangu, maji haya yanakwenda bure kila sala. Yape kazi."

Mtu wa uwanda wa Makonde, ambako tangu enzi za mababu watu wameshuka mabondeni na kupanda tena kwa ajili ya maji, hawezi kuona maji yakipotea akanyamaza. Ndivyo bustani yangu ilivyoanza.

Ninamwandikia aliyefiwa, aliyeachwa, aliyepoteza kazi, aliyerudi kutoka hospitali akiwa hana nguvu. Yule ambaye asubuhi haoni sababu ya kufungua dirisha. Miongozo mingi ya kilimo huanza na soko. Mimi naanza na subira, kwa sababu kitu cha kwanza ambacho huzuni humnyang'anya mtu ni uwezo wa kungoja. Ukimwambia mwenye majonzi apande mwembe, ale maembe baada ya miaka mitano, umemwongezea mzigo. Mwambie apande mchicha, Ijumaa ya nne atachuma. Ijumaa nne anaweza kuzihesabu.

Basi mpangilio wote hapa chini unafuata jambo hilo: kwanza mmea unaojibu haraka, halafu wa mwezi mmoja na nusu, halafu wa miezi miwili mitatu, mwisho ndiyo mti. Usiruke.

Kwanza, tafuta maji yako yanakwenda wapi

Kabla ya jembe, kaa siku mbili ukitazama maji ya nyumbani. Ya kuoshea mchele, ya kuoshea mboga, ya kutawadhia. Haya hayana sabuni na mmea unayapenda. Ya kufulia na ya vyombo vyenye mafuta yaache.

Fanya hesabu. Watu wanne, kila mmoja akitumia birika la lita 2 mara tano kwa siku, ni lita 40, yaani madumu mawili. Hata ukizingatia kwamba si kila sala mtu anatawadha upya, dumu moja halikosekani. Na dumu moja la lita 20 kwa siku ndilo hitaji la tuta la mita 1 kwa mita 4 wakati wa kiangazi. Nusu asubuhi, nusu alasiri jua likipoa, kwa sababu mchanga wetu hauwezi kushika maji yote kwa mkupuo. Oktoba joto likikaza, ongeza nusu dumu.

Kama unatumia maji ya kisima, yaonje. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi kidogo, na chumvi ndiyo itakayokuamulia upande nini. Maharage, karoti na vitunguu havivumilii. Spinachi inavumilia vizuri, mnazi ndio usiseme, na mchicha unajitahidi. Mtu mwenye majonzi asipande kitu ambacho maji yake yatakiua. Kushindwa kwa kwanza kunauma kuliko kawaida.

Udongo: chota, loanisha, finya

Chota gao la udongo, uloanishe, ulifinye, kisha ufungue mkono. Ukimong'onyoka papo hapo ni mchanga, na sehemu kubwa ya pwani yetu kuanzia Msimbati hadi Lindi mjini uko hivyo. Ukibaki donge linalovunjika kwa kidole, una bahati. Ukibaki kama udongo wa mfinyanzi, uko karibu na bonde, na shida yako itakuwa maji kutuama.

Kuna jambo moja ambalo watu hukosea. Tunaambiwa kila mahali tumwage majivu bustanini. Ukiwa Newala au Tandahimba, penye udongo mwekundu au mchanga wenye asidi, hasa chini ya mikorosho iliyopuliziwa salfa miaka mingi, majivu kidogo yanasaidia kweli. Lakini ukiwa Mikindani au popote unapokutana na vipande vya matumbawe ukichimba, udongo wako tayari una chokaa ya kutosha. Majivu yatauharibu; majani yatageuka manjano na hutajua kwa nini. Huku kwetu yaweke ya kuhifadhia kunde tu.

Dawa ya mchanga ni moja: samadi na mboji, tena na tena. Samadi ya mbuzi iliyokauka na kukaa ni salama. Ya kuku ni kali, iache irundikwe mahali pakavu wiki sita hadi nane kwanza, la sivyo itaunguza miche.

Tuta moja. Nimesema moja.

Chagua mahali panapopata jua angalau nusu siku, na penye ukuta au uzio upande wa kusini, maana kusi hubeba chumvi na kukausha majani. Kama hakuna ukuta, simamisha makuti.

Wakati wa kiangazi chimba tuta la kuzama, si la kuinuka. Pima mita 1 kwa mita 4, ondoa udongo kina cha shubiri moja, changanya na ndoo mbili kubwa za samadi, urudishe sehemu tu, ili tuta libaki chini ya usawa wa ua kwa vidole vinne. Maji yatakusanyika humo badala ya kukimbia, na upepo hautapita moja kwa moja juu ya udongo. Wakati wa masika geuza: inua tuta, chimba mfereji pembeni, kwa sababu mvua zetu za Machi zinaweza kuozesha kila kitu kwa siku tatu.

Mimi tuta hilo nilichimba kwa siku nne. Siku ya kwanza nilifika hatua mbili nikaketi. Shangazi hakusema kitu, alileta maji ya kunywa. Kama ndivyo utakavyochimba wewe, tuta litakuwa zuri vilevile.

Zungushia uzio kabla ya kupanda, si baada. Kuku mmoja anamaliza mbegu za tuta zima kati ya adhuhuri na alasiri. Fito na makuti vinatosha, au chandarua cha zamani kilichotoboka kwa miche midogo.

Mchicha, siku kwa siku

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo mtu anapopona au kukata tamaa.

Mbegu za mchicha ni ndogo kama punje za baruti. Kijiko kimoja cha chai kinatosha tuta zima. Changanya na bakuli la mchanga mkavu ili zisirundikane, chora mistari kwa kidole, umbali wa shubiri moja kati ya mstari na mstari, kina cha ukucha tu, halafu mwaga na kufukia kwa mkono mwepesi. Mwagilia kwa kopo lililotobolewa matundu madogo. Funika kwa kuti moja kavu.

Siku ya pili hakuna kitu. Siku ya tatu inua kuti, tazama kwa kuinama kabisa. Kati ya siku ya tatu na ya tano utaona nyuzi nyekundu na kijani, nyembamba kuliko sindano. Siku hiyo hiyo ondoa kuti, la sivyo miche itarefuka bila nguvu.

Mimi niliiona alfajiri ya siku ya nne, kwa tochi ya simu, nikiwa bado na mkeka wa sala mkononi. Sikufurahi, nisidanganye. Ila nilijikuta najiuliza kesho itakuwa imefika wapi. Tangu mazishi sikuwa nimeiwaza kesho.

Wiki ya kwanza mwagilia kidogo mara mbili kwa siku. Wiki ya pili punguza: ng'oa iliyosongamana ibaki umbali wa vidole vitatu, na hiyo uliyong'oa usiitupe, ioshe, tia kwenye chungu. Tandaza majani makavu katikati ya mistari; ya mkorosho ni mazuri kwa kazi hii kwa sababu ni magumu na hayaozi upesi. Wiki ya tatu hadi ya nne chuma. Unaweza kung'oa wote na kupanda upya, au kukata juu na kuacha shina la shubiri moja lichipue tena. Kwa mwenye huzuni napendekeza kukata. Kuona kilichokatwa kikichipua kutoka ubavuni baada ya siku chache kunafanya kazi ambayo maneno ya watu hayawezi.

Kabla hujamaliza raundi ya kwanza, acha mimea mitano iliyo bora, iende mbegu. Shuke likikauka lipukute juu ya kitambaa, pepeta, tia kwenye chupa kavu. Hutanunua mbegu ya mchicha tena.

Chuma cha kwanza kipeleke kwa jirani

Hii ni hatua, naomba uichukulie kama hatua. Watu huacha kuja kwa aliyefiwa kwa sababu hawajui waseme nini, na yeye huacha kutoka kwa sababu hiyo hiyo. Funga fungu moja, liweke kwenye sahani, mtume mtoto. Sahani haitarudi tupu, ndiyo desturi yetu. Yangu ilirudi na vipande viwili vya ng'onda, samaki mkavu, na aliyeirudisha aliingia akaketi mpaka magharibi. Wiki iliyofuata akaja na mbegu za bamia ndani ya karatasi ya daftari, na hapo ndipo tuta la pili lilipozaliwa.

Mimea ya mwezi mmoja na nusu hadi miezi mitatu

Ukishavuna mchicha mara mbili, ongeza tuta.

Matembele ndiyo rahisi kuliko yote. Omba kipande cha mtambazo chenye urefu wa mkono mmoja, fukia vifundo vitatu, acha ncha nje. Baada ya wiki nne hadi sita unaanza kuchuma ncha, na huachi.

Kunde hulishi mbolea nyingi. Mizizi yake yenyewe hurutubisha ardhi. Majani machanga unaanza kuchuma baada ya wiki tatu au nne, na ukiyapika na karanga za Masasi hutatafuta kitoweo. Ukitaka na punje, usizidishe kuchuma majani.

Bamia loweka mbegu usiku mmoja. Tia mbili kwa shimo, sentimita 30 kati ya shimo na shimo, 60 kati ya mstari na mstari, kisha bakiza mche mmoja wenye nguvu. Baada ya siku 50 hadi 60 inaanza kuzaa, na hapo inakushika mkono: lazima uichume kila baada ya siku mbili, ukiiacha inakomaa kuwa nyuzi na mti unapunguza kuzaa. Ninaipenda kwa sababu hiyo. Ni mmea unaokutaka utoke nje Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, utake usitake. Vaa mikono mirefu, inawasha.

Nyanya chungu huanza kitaluni, hupandikizwa wiki ya nne hadi ya sita, na ikianza kuzaa inaendelea kwa miezi. Nyanya za kawaida subiri. Zina magonjwa mengi wakati wa mvua, na huku kwetu zinafanya vizuri zaidi kipupwe cha Juni hadi Agosti. Mwaka wa kwanza si wa nyanya.

Kisamvu usisahau. Shina moja la kisamvu mpira kwenye kona ya ua linalisha nyumba mwaka mzima, kiangazi na masika. Kitwange vizuri na kukichemsha muda mrefu bila haraka, kwa maana kikiwa kibichi kina sumu.

Kalenda yetu si ya Dar es Salaam

Sehemu kubwa ya kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba mpaka Aprili, wakati mwingine mwanzoni mwa Mei. Ukisoma ushauri wa vuli na masika ulioandikwa kwa mikoa ya kaskazini utapanda wakati mbaya. Mbaazi, kunde za punje na mihogo vipe mvua za Desemba na Januari. Mboga za majani zinazomwagiliwa zipe Juni hadi Septemba, ambapo kuna ubaridi na magonjwa ya ukungu ni machache.

Na usiamini kwamba Mei imekauka. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopita pwani hii, barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika Somanga kule Kilwa. Kabichi na karoti zinazotoka mbali hupita njia hiyo hiyo. Tuta la matembele nyuma ya nyumba halipandi lori.

Mboji na mabibo

Tafuta kona yenye kivuli. Weka vijiti chini, kisha tabaka la majani makavu, tabaka la maganda na mabichi, udongo kidogo, samadi kidogo, nyunyiza maji, rudia mpaka kiunoni. Chomeka mti mrefu katikati. Baada ya siku tano uchomoe na kuushika: ukiwa wa moto, lundo linafanya kazi, ukiwa baridi na mkavu, ongeza maji, ukinuka, ongeza majani makavu. Geuza kila wiki mbili au tatu. Miezi miwili hadi mitatu utapata kitu cheusi kinachonukia kama msitu baada ya mvua.

Oktoba hadi Desemba mabibo yanazagaa chini ya mikorosho mkoa mzima. Yachukue, ila yaweke tabaka jembamba na uyafunike kwa majani makavu mengi, kwa sababu yana maji, yana asidi na yanaita inzi.

Ua wako ukipakana na mikorosho, ulizia siku ya kupulizia salfa, kwa kawaida miezi ya Juni hadi Septemba. Asubuhi hiyo funika mboga za majani, na uzioshe mara mbili kabla ya kupika.

Wadudu

Vidukari kwenye kunde huondoka kwa maji ya sabuni ya mche, ukilenga chini ya jani. Kwa viwavi na wengine, twanga majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja, ongeza sabuni kidogo ishikamane, pulizia jioni kwa sababu jua huivunja nguvu. Rudia baada ya wiki.

Bamia ikidumaa bila sababu, ng'oa mmoja utazame mizizi. Ukiona vinundu kama shanga, ni minyoo fundo, adui mkubwa wa ardhi ya mchanga. Choma mizizi hiyo, usirudishe bamia wala nyanya hapo, geuza udongo wakati wa jua la Oktoba uungue wiki mbili tatu, kisha ongeza mboji. Bwana shamba au bibi shamba wa kata yako akuone mapema, si mmea ukishakufa.

Siku usizoweza kuinuka

Zitakuja. Mimi ilinijia wiki ya tisa, nililala siku tatu nikitazama dari. Bustani ya mtu mwenye majonzi lazima itengenezwe ikijua hilo. Matandazo mazito yanaipa siku mbili bila maji. Tuta la kuzama linaipa nyingine. Mtoto wa jirani mwenye kopo lake, aliyeahidiwa fungu la mboga, anamaliza zilizobaki. Usijilaumu kwa mche uliokauka. Toboa shimo, tia mbegu nyingine.

Lakini zikipita wiki mbili huli, hulali, au unawaza kufa, mwambie mtu wa nyumbani leo na uende hospitali. Mtwara kuna Ligula, Lindi kuna Sokoine, na zahanati iliyo karibu itakuelekeza. Bustani ni msaada wa tiba, haiwezi kushika nafasi yake.

Mwisho, mti

Ukiona umeanza kusema "mwakani" bila kujishtukia, panda mti. Mpapai kwanza. Otesha mbegu kwenye viriba, hamishia miche mitatu kwenye shimo moja lenye samadi, subiri maua. Wenye maua yanayoning'inia kwenye mikono mirefu ni dume. Bakiza wenye ua nene linaloshika shina. Matunda huja kati ya miezi tisa na kumi na miwili.

Mimi nilichagua na asumini. Mama mmoja mtaani alinipa mche kwenye kopo la maziwa ya unga, nami bado niko ndani ya eda, sijipambi wala sitii manukato. Nilimwambia sitaweza kuutumia. Akasema: "Na wenyewe hauna maua bado." Nikauchimbia shimo karibu na ukuta wa mashariki, penye jua la asubuhi, nikaupa maji ya alfajiri peke yake.

Eda ilikwisha katikati ya Oktoba. Asumini ilingoja mpaka mvua ya Desemba, ikatoa vikonyo kumi na kimoja. Vichume jua linapozama, kabla havijafunguka, vitafunguka ndani ya nyumba usiku. Nilitunga kikuba kidogo nikakiweka juu ya mto wa kulalia, upande wangu.

Ukitaka kuuzalisha, kata tawi lisilo na maua, refu kama penseli, ondoa majani ya chini, chomeka nusu yake kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, weka kivulini, usiache ukauke. Wiki sita hadi nane unapata mizizi. Nilikata matawi matano, matatu yakashika. Mmoja niliupeleka jana, kwenye kopo lile lile, kwa dada mmoja nyuma ya msikiti aliyeingia wiki ya tatu ya eda yake.